Kisanduku Kilichokataa Kilio

Tonton Isaïe, baba mdogo wa Annette, aliingia dukani asubuhi, hakuuliza habari, hakuketi. Alinyoosha kidole kwenye ordinateri, kompyuta ya duka, iliyokuwa juu ya kaunta, akasema nyumba yenye kilio haiwezi kuwa na mashine inayocheka.

"Angalia hii rangi," alisema. "Kijani na nyeupe, sawa siku ya ndoa! Batu banaingia hapa kutupa pole, banakuta mashine ya marehemu Muhindo inavala nguo ya fête. Annette, weye ndiye unajua mambo yake. Uivalishe nyeusi. Bon?"

Annette alimtazama mama yake. Mama Kaswera alikuwa mbele ya rafu akipanga vichupa vya dawa, amevaa kitenge cha manjano chenye maua makubwa, na hakugeuka. Kitenge hicho ndicho kilichomkera Tonton, si ordinateri. Lakini kumwambia mke wa kaka yake aliyefariki avue nguo si jambo rahisi, basi mzee wa watu akaona aanze na mashine.

Muhindo, kaka yake Annette, alitoka Kisangani kwenda Isangi kupeleka makasha ya dawa, na alipokuwa akirudi, baleinière, mashua ndefu ya abiria, ilizama karibu na Yanonge. Mto ukawarudisha wengine, mmoja leo, mwingine kesho, wamevimba lakini wana majina. Yeye haukumrudisha. Wavuvi walipiga nyavu, redio ikatangaza jina lake na rangi ya shati lake, Padri akasoma misa. Mama yake akasema kitu kimoja na hajakibadilisha hadi leo: "Nivale nyeusi ju ya nani? Munionyeshe maiti. Kama haiko, muniache."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kweli, lakini mtaa hauna subira. Kanisani wanawake walianza kuacha nafasi kwenye benchi, upande alipokaa yeye. Walinong'ona kwamba mtu asiyeliliwa roho yake hutembea-tembea, na kwamba kitenge kile cha manjano ndicho kinachomzuia kijana kupumzika. Ndiyo maana Tonton alitaka kilio kifanyike Jumamosi, mwili uwepo usiwepo, na kila kitu cha nyumba ile kivae nyeusi. Alikuwa amekuja na kitambaa cheusi kimekunjwa, akakiacha kwenye kaunta bila kusema ni cha nani.

"Umesikia, Annette?"

"Nimesikia, Tonton."

Mama Kaswera akaendelea kupanga vichupa. Annette akakiweka kile kitambaa kando, akavuta kiti.

Programu ile Muhindo aliiandika mwenyewe, jioni kwa jioni, na dada yake akimwegemea begani na kumsumbua kwa maswali. Ilikuwa dirisha moja lililojaa visanduku. Kila dawa ina kisanduku chake, na ndani yake jina, idadi iliyobaki na kitufe cha kuuzia. Annette alijua mahali rangi zinapoandikwa. Akafuta nyeupe, akaandika nyeusi, dirisha likageuka mara moja na maandishi yote yakapotea, maana nayo yalikuwa meusi. Akayapa weupe. Vitufe ndivyo vilivyomtoa jasho. Chochote alichoviandikia, havikusikia, vikabaki kijani vilevile.

Hapo akamkumbuka kaka yake akimweleza huku akicheka: "Bitufe bya zamani biko kama Mama, unasema neno moja, bimesikia. Bile bya sasa biko kama famille ya Papa. Huwezi kuvalisha mutu moja. Lazima famille yote bakutane kwanza, bakubaliane style, kisha bote banavala." Annette akaitafuta hiyo style, mtindo wa pamoja wa vitufe, akaibadilisha mahali pamoja, na vitufe vyote vikawa vyeusi kwa pamoja. Alicheka peke yake. Kisha akakumbuka anafanya nini, akaacha.

Mama Kaswera alipita nyuma yake na sinia la chai. Akasimama, akaitazama ile mashine iliyokuwa nyeusi kutoka juu hadi chini.

"Umemaliza kumuzika?" aliuliza, akaenda zake.

*

Jumamosi viti vya plastiki vilijaa uani mpaka barazani mwa duka. Masufuria ya pondu, yaani kisamvu, yalikuwa motoni, kwaya ya wamama ilikuwa imeimba mpaka imekaukiwa sauti, na Mama Kaswera alikaa katikati ya watu waliovaa nyeusi kama ua lililoota mahali lisipotakiwa. Hakuna aliyemsemesha. Walimpa mkono kwa ncha za vidole na kumpita.

Tonton alitaka wageni waone kazi ya marehemu. "Kijana alikuwa na akili," aliwaambia wazee wenzake. "Mashine yote alifanya yee mwenyewe. Na sasa iko na kilio sawa sisi. Annette, fungua!"

Annette akafungua. Dirisha likaja, jeusi, safu juu ya safu. Na katikati yake kisanduku kimoja kilikuwa chekundu.

Si wekundu wa kufifia. Ulikuwa wekundu wa kuita. Ndani yake maandishi meupe yalisomeka vizuri: sirop ya malaria, ya watoto.

"Nilisema nyeusi," Tonton alisema kwa sauti ya chini.

"Nilitia nyeusi, Tonton. Jana ilikuwa nyeusi yote. Hakuna mutu aligusa."

"Alors?"

Watu walikuwa wamesogea. Annette akafunga dirisha, akafungua maandishi ya programu mbele ya macho yao, akaitafuta sehemu ya visanduku. Nyeusi. Ilikuwa imeandikwa nyeusi, kwa mkono wake mwenyewe. Akaifuta, akaiandika upya, herufi kwa herufi, akafungua tena. Dirisha likaja jeusi lote, na watu wakaanza kupumua. Kisha, kabla hata Tonton hajafungua mdomo, kisanduku kilekile kikawaka chekundu mbele yao.

Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Mwingine akajifanyia ishara ya msalaba. Annette akaivuta mikono yake, hakuthubutu kugusa tena kitu chochote.

Mama Kaswera akainuka. Alipita kati ya viti, kitenge chake cha manjano kikiwagusa watu magoti, akainama mbele ya mashine. Tangu siku ya baleinière hakuna aliyeyaona meno yake. Siku ile aliyaona kila mtu.

"Anakataa," alisema. "Munaona? Munamuvalisha kilio, anakivua. Tena anaonyesha ya batoto. Anasema: Mama, mi mutoto yako, niko."

"Mama Muhindo, ikala," Tonton alisema, akimwonyesha kiti.

"Siikale! Mutafute mwingine wa kulilia. Wangu hajakufwa."

Tonton akawageukia wageni akafungua mikono, kama mtu anayeomba radhi kwa mbuzi wake aliyeingia shamba la jirani. "Mutusamehe. Shemeji yangu, kichwa haiko sawa." Alisema hivyo mbele yake, mbele ya kwaya nzima. Watu wakaanza kuaga kabla pondu haijapakuliwa, na wengi walitokea upande wa barabarani ili wasipite karibu na kaunta. Chakula kile Annette na mama yake walikila siku nyingi wawili tu.

*

Kuanzia hapo Mama Kaswera ndiye aliyefungua mashine kila asubuhi. Alipangusa kioo kwa pindo la kitenge, akangoja dirisha lije, na kisanduku kikiwaka alisema, "Karibu, papa wangu," kama anavyosema mama kwa mwanawe. Akampiga Annette marufuku: asiandike kitu, asifute kitu, asiguse rangi.

"Ukigusa, utamufukuza."

Annette hakugusa. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Akiwa anahudumia wateja, wekundu ule ulimkaa kwenye pembe ya jicho, akahisi mtu amesimama pale kando akingoja kuulizwa. Mara mbili aligeuka na kusema "Yaya?", jina alilomwitia kaka yake, kisha akaona aibu. Na bado kulikuwa na jambo lililomsumbua, neno ambalo Muhindo alipenda kumwambia kila rangi ilipomgomea, na ambalo sasa lilikuja ulimini na kurudi kabla hajalishika.

Mama Kaswera aliipenda ile sirop kuliko dawa zote dukani. Mzazi akija na mtoto mwenye homa, hata kama ameomba nyingine, alimpa hiyo. "Chukua hii," alisema, akiufunika mkono wa mtu kwa mikono yake miwili. "Hii ni ya Muhindo. Ameionyesha yee mwenyewe." Watu wengine walicheka walipofika barabarani. Wengine walirudi kuomba chupa nyingine, maana katika shida mtu hushika chochote, na dawa yenye baraka si ya kuchekwa.

Safiya, jirani wa ua wa pili, alikuwa mmoja wa waliopewa. Ukoo wao ulikuwapo Kisangani tangu enzi za misafara ya biashara. Alikuwa mwanamke wa swala tano na maneno machache, na hakuwa mtu wa kuamini mizuka ya mashine. Lakini mjukuu wake Moussa alishikwa na malaria, na Mama Kaswera alikuwa jirani yake wa tangu ujana. Akaichukua chupa, akashukuru, akaenda.

*

Alirudi na mtoto mgongoni, duka limejaa. Hakusubiri zamu. Aliiweka chupa juu ya kaunta kwa kishindo, na watu wakanyamaza.

"Mama Muhindo. Mutoto anaungua. Nimemupa asubuhi, nimemupa jioni, sawa ulisema. Chupa inaisha, mutoto naye anaisha. Uniambie umenipa nini."

"Nilikupa ya Muhindo," Mama Kaswera alisema. "Ile nzuri."

"Wallahi, sikuomba ya Muhindo! Niliomba dawa!"

Kichwa cha Moussa kilikuwa kimeanguka begani mwa bibi yake, mdomo wazi, midomo imekauka. Annette akaichukua chupa. Akaizungusha, akaangalia chini yake, mahali ambapo tangu mashine iingie humu ndani hakuna aliyekuwa akipaangalia tena. Tarehe ilikuwa imepigwa kwa herufi ndogo. Ilikuwa tarehe ya siku zilizokwisha kupita. Akasoma jina la dawa. Kisha akainua macho kwenye dirisha jeusi, akalisoma jina lilelile ndani ya kisanduku chekundu.

Na neno la kaka yake likamjia lenyewe, na kicheko chake ndani. *Neno ya mwisho ndiyo inabakia.*

Ndivyo alivyokuwa akisema. Hata juu uandike rangi gani, kama chini kuna mstari mwingine unaotoa amri, ule wa chini ndio unaoshinda.

"Mama Safiya, pandisha mutoto ku pikipiki, umupeleke ku centre ya afya sasa hivi," Annette alisema, huku akimtilia mkononi dawa nyingine ambayo alikuwa ameisoma tarehe yake mara mbili. "Uwaambie ile ya kwanza ilikuwa imepita. Uwaambie kosa iko yetu."

Wateja walisikia. Mmoja baada ya mwingine wakarudisha walichokuwa wameshika, wakatoka. Mwanamme mmoja alisema mlangoni, bila kupunguza sauti, kwamba hilo si duka la dawa bali ni nyumba ya wachawi.

Annette akakaa mbele ya mashine. Mama yake akaikumbatia, kifua juu ya vitufe.

"Nimesema usiguse!"

"Mama, sitagusa. Nitasoma tu. Mutoto wa batu anaungua. Niache nisome."

Mama akaiachia mashine, akasogea kando.

Annette alishuka, akapita sehemu ya visanduku, akapita style ya vitufe, akashuka mahali ambapo hakuwahi kufika. Chini kabisa palikuwa na mistari michache. Ilisema: kila dirisha linapofunguka, na kila idadi inapobadilishwa, angalia tarehe ya kila dawa. Kama imepita, na kama idadi si sifuri, kisanduku chake kiwe chekundu. Basi. Alitafuta zaidi, mpaka mwisho wa maandishi, kwa sababu naye alikuwa na tamaa yake. Hapakuwa na salamu, hapakuwa na kwaheri. Tarehe tu.

Akaelewa na mengine. Kioo kilitazamana na wateja, na Muhindo hakutaka mtu asome neno *périmé*, yaani imepita muda, mbele ya kaunta akakimbia duka zima. Akaamua rangi itamtosha, kwa kuwa yeye ndiye aliyefungua kila asubuhi kabla ya wote. Akiona nyekundu alikwenda rafuni, akatoa, akatupa, akaandika sifuri. Wao walipofika dukani dirisha lilikuwa limekwisha kuwa safi. Hawakuwahi kuiona nyekundu kwa sababu kulikuwa na mtu anayeizima kabla yao.

Akamweleza mama yake, polepole, kila kitu, akimwonyesha mistari kwa kidole.

Mama Kaswera akampiga kofi.

"Unamuua," alisema. "Mayi haikuweza, Tonton hakuweza. Weye ndiye unamuua."

Annette hakulia kwa kofi. Alilia kwa sababu ilikuwa kweli. Mama yake akageuka, akaenda rafuni, akashika chupa ya kwanza, akaipindua. Akashika ya pili, akaipindua. Akaendelea hivyo, chupa kwa chupa, kasha kwa kasha, akisogeza kila moja karibu na macho. Mwisho alikaa chini sakafuni, kitenge cha manjano kikiwa kimejaa vumbi, na chupa zimemzunguka.

"Alikuwa ananiambia nitoe," alisema. "Mi niligawa."

*

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mama Kaswera hakuficha. Alivaa kandambili akatoka, mlango kwa mlango, kwa wote waliochukua sirop ile, na kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale: "Nilikupa dawa yenye imepita. Unirudishie, hii hapa nzuri. Unisamehe." Annette alimfuata na kapu. Wengine walirudisha bila neno. Mwanamke mmoja wa kwaya, aliyekuwa akiacha nafasi kwenye benchi, alimsimamisha juani uani mpaka alipomaliza kusuka nywele za binti yake, ndipo akaingia ndani kuitafuta chupa. Mama Kaswera alisimama. Hakuomba hata kiti.

Moussa walimtundikia maji kwenye centre, na homa ilishuka. Mama Kaswera alishinda kwenye kizingiti cha mlango, kwa sababu Safiya hakumwambia aingie. Siku mtoto alipofungua macho akadai ndizi ya kukaanga, Safiya alitoka akajifuta uso kwa mtandio.

"Amekula," alisema.

"Aksanti kwa Mungu."

"Mi nilikuamini, Mama Muhindo." Halafu akasogea kidogo kwenye kizingiti, nafasi ya mtu mmoja. "Ikala. Jua iko kali."

Chupa zote zilirudi isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa imechukuliwa na mama mmoja mpita njia, asiyejulikana jina, aliyesema anapanda baleinière kwenda Yanonge, mtoto wake anamngoja huko. Walikwenda redioni. Mtangazaji alikuwa yuleyule wa safari ile. Alimtambua Mama Kaswera, akadhani amekuja kumtangaza mwanawe tena, akashika kalamu akasema kwa huruma, "Shati ya buluu, si ndiyo?"

"Apana," Mama Kaswera alisema. "Leo ni chupa."

Tangazo lilisomwa wiki nzima. Hakuna aliyekuja.

*

Asubuhi iliyofuata tangazo la mwisho, Mama Kaswera alifungua mashine kama kawaida. Akapangusa kioo kwa pindo la kitenge. Dirisha likaja jeusi, na kisanduku kikawaka. Rafu ya sirop ile ilikuwa tupu. Walikwisha kuzimwaga zote na kuzivunja chupa nyuma ya ua. Lakini kwenye mashine idadi bado ilikuwepo.

"Mbona inawaka, na dawa haiko?" aliuliza.

"Ju hatujaiambia kama haiko," Annette alisema. "Yee anahesabu yenye iliandikwa."

"Na tukiiambia?"

Annette aliangalia kisanduku. Alikuwa amelikwepa jambo hilo siku zote zile. Angeweza kuandika mwenyewe mama akiwa sokoni. Angeweza pia kuacha, kisanduku kiwake maisha yote, nani angeumia?

"Ukiandika zero, itazimika," alisema. "Kama hutaki, Mama, tuiache. Haina mubaya tena. Rafu iko tupu."

Mama Kaswera aliitazama rafu, akakitazama kisanduku. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameingia, akasimama mlangoni akingoja kuitwa, na macho yake yalikuwa kwenye kioo, yakisoma kile kisanduku kinachoita kuliko vingine vyote.

"Mama, iko na sirop ya batoto?" mwanamke aliuliza. "Naona hapo imeandikwa."

Mama Kaswera akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Haiko, mama yangu," alimjibu. "Ngoja kidogo, nitakupa ingine." Kisha akamgeukia binti yake, kwa sauti ndogo: "Muhindo alikuwa anasema, yenye haiko ku rafu isikale ku mashine. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Nionyeshe kitufe."

Annette akamwonyesha. Mama Kaswera alifuta idadi ya zamani. Akaweka kidole juu ya sifuri, kidole kilichokatika ukucha kwa kuvunja chupa, akakiacha pale. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu, jina au sala, Annette hakusikia. Kisha akabonyeza.

Kisanduku kikazimika. Dirisha lote likawa jeusi, kutoka juu hadi chini, kama Tonton alivyotaka.

Mama Kaswera akamhudumia yule mwanamke. Alichagua dawa, akaipindua chupa, akaisoma tarehe yake kwa sauti ili mwenyewe asikie, akamweleza vipimo, akampapasa mtoto kichwani. Mteja alipotoka, alibaki ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, na kilio alichokizuia tangu siku ya baleinière kikatoka, kikubwa, mpaka Safiya akakisikia katika ua wa pili, akatupa ufagio na kuja mbio.

"Annette," alisema alipoweza kusema. "Ile kitambaa nyeusi Tonton alileta. Uliitia wapi?"